Makofi Kwenye Ghuba Isiyokaliwa

Mdogo wangu Domitila, hapo Kasulu,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye sasa ni nahodha kamili wa boti ya injini, anayeheshimiwa ziwa zima. Basi, usikimbie kuwatangazia majirani. Mimi ni mpishi, na ugali ukishaiva nakumba kwa kopo maji yanayoingia botini. Kuogelea bado sijui. Goti lako linaendeleaje? Na maharage, yamepata mvua? Mimi mzima, ila ziwa limenitapisha mpaka maziwa ya mama.

Tunapeleka chumvi na sabuni vijiji vya kusini, tunatia nanga kwenye vighuba vilivyotulia hata unasikia samaki wakiwaza. Unajua kilichonileta huku uzeeni. Mumeo Bukuru alipanda boti ya chumvi mwaka ule wakimbizi walipoanza kuvuka, na mpaka leo umekataa kunyolewa kama mjane. Kila jioni unamwekea ugali, anakula paka. Kwa hiyo kila tukitia nanga, nauliza.

Asubuhi moja ukungu umelala juu ya maji, nikasikia makofi kutoka ufukweni. Makofi ya salamu, ya kwetu kabisa, ya viganja vilivyokunjwa. La mwisho likachelewa, kama la mtu aliyekumbuka kitu. Kofi lile lile ulilokuwa ukimgombezea shemeji Bukuru.

Nahodha akanishika mkono. "Mzee, usijibu. Hapo hapakai mtu."

"Mimi Muha," nikamwambia. "Nisipojibu, marehemu mama atakuja mwenyewe kunichapa."

Nikainama, nikapiga. Yakajibu. Nikatoa salamu yetu ya asubuhi, mwakeye, nikaeleza kwamba nyumbani hawajambo, watoto wamekua, Domitila bado ana mdomo. Unajua kwetu mtu haondoki salamu haijaisha. Basi kofi la mwisho nikalipiga mimi. Pakawa kimya.

Kijiji kilichofuata nikawauliza wanawake waliokuwa wakianika dagaa. Kaa chini, mdogo wangu. Walisema ghuba ile wamezikwa watu wa boti ya chumvi iliyopinduka. Wao wenyewe waliwazika, wakawaombea. Mmoja alivaa sweta ya kijani yenye mkono mmoja wa bluu. Ulipoishiwa uzi ukimfumia, nilikucheka sana. Nani mwingine duniani angekubali kuivaa?

Nilitaka kucheka tena, ikashindikana. Tangu hapo kila tukitia nanga natega sikio, nasikia maji tu. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi: salamu niliimaliza mimi, naye akaenda zake.

Msalimie mama mkwe wako, anayenuna hata kuku akitaga. Wasalimie wapwa zangu, na yule katekista jirani. Mwambie sijabatizwa upya, ni mawimbi tu.

Ni mimi kaka yako, Bitama, mpishi na mkumba maji.

Nilisahau. Nilipokuezekea banda la mbuzi uliahidi kuninyoa, ukanikimbia. Nakuja boti ikirudi Kigoma, na safari hii sikuachi. Tafuta wembe mpya. Ukimaliza kichwa changu, nipe huo wembe, kisha ukae wewe.