Faulo ya Pili ya Mjomba

Nakuru

Mama mpendwa,

Mguu unaendeleaje? Umeanza kuukanyaga hadi bombani, au bado unaletewa maji na majirani? Na viazi, barafu imevichoma tena huko Olenguruone? Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri kuliko ninavyostahili.

Juzi kwenye simu ulinishukuru kwa kumtunza mjomba mpaka siku alipoacha kazi mwenyewe. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umeweka spika, na nilimsikia akikohoa hapo karibu na jiko. Sasa nakuandikia. Mjomba hakuacha kazi, Mama. Nilimtoa mimi.

Unajua ndiye aliyenileta mjini, akaniombea kibarua kwenye ukumbi wa pool alikokuwa msimamizi wa meza. Macho yake yalipoharibika, wachezaji wakaanza kumcheka. Mwezi uliopita bosi akatuita mbele ya wateja: "Mshahara uko wa mtu moja. Chezeni gemu moja, mwenye atashinda ndio atabaki." Watu wakapiga makofi kama wako harusini.

Mjomba alipiga, mpira mweupe haukugusa kitu. Zamu yake iliporudi, akautumbukiza shimoni. Hizo ni faulo mbili mfululizo. Ya tatu inakupotezea mchezo, lakini kwa sharti moja: mpinzani wako awe amekutangazia kwamba una mbili, kabla hujapiga. Asipotangaza, ya tatu ni faulo ya kawaida na mchezo unaendelea. Pale kwetu kutangaza ni kazi ya mpinzani peke yake, watazamaji hufunga mdomo. Sheria hiyo alinifundisha yeye.

Zamu yake ilipofika tena, hakuinama. Alisimama akipaka fimbo chaki, polepole, uso ameuelekeza kwangu. Alikuwa akinipa nafasi ya kunyamaza.

"Mjomba, uko na mbili," nikasema.

"Sema kwa nguvu, watu wasikie."

"Uko na mbili! Ukikosa hii, umeenda!"

Akainama, akapiga, akakosa. Kisha akaja kunipa mkono, na ilibidi autafute wangu hewani kidogo kabla ya kuupata. "Umetangaza vizuri," akaniambia.

Najua utasema kikulacho ki nguoni mwako. Sema tu. Kwa hilo nina jibu: sheria ni sheria, na njaa yangu pia ni njaa.

Lakini kuna lingine ambalo sina jibu lake. Bosi mwenyewe alimwonea huruma, akaniuliza, "Si huyu mzee abaki tu, akuwe anafagia?" Hapo hakuna sheria iliyonidai neno. Nikamjibu, "Boss, huyu hata takataka haoni." Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka nao, tena kwa raha. Nilikuwa nimechoka kuitwa mtoto wa dada ya mzee. Mjomba alikuwa nyuma yangu, anapapasa ukutani akitafuta koti lake. Nililiona lilipo. Nikamwacha alitafute.

Nisalimie dada na shemeji, na nyanya pale juu, mwambie blanketi lake nimelipata. Mjomba usimpe salamu zangu. Ukimpa, atazipokea.

Mwanao,
Kipkorir