Moshi wa Jino Ng'ambo ya Sirari

Dada Evelina, shikamoo.

Igoma nzima hakuna mwenye meno kama yangu. Nikicheka, vinyozi wanazima taa. Umeuliza kama umpeleke mwanao Rebeka Kenya, kwa yule mama anayetibu jino kwa moshi, au hospitali. Mimi nilivuka mpaka wa Sirari wiki iliyopita, nikamwone kwa jino langu. Dada, nimeona maajabu! Alimwaga mbegu kwenye makaa, akanipa mrija. "Vuta, Msukuma, au moshi unakushinda?" Nikavuta. Vidudu vyeupe vikadondoka kwenye bakuli la maji, vinacheza! Nikasahau hata kumrudishia utani. Mpaka leo sielewi vilitoka wapi.

Ila mtoto usimpeleke huko. Jino bado linauma, shavu limevimba, na tangu juzi taya halifunguki. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu: siwezi kuongea.

Mdogo wako mtanashati,
Luhende