Umri wa Mumbua

Jumatatu, 10 Machi
Rumande ya wanawake, Kitui. Mahojiano manane ya utafiti wangu, mengi ya kuchosha. Nauliza yaleyale: ulishikwa lini, umepelekwa kortini mara ngapi, nani hukutembelea. Wa mwisho alikuwa Mumbua, aliyefanya kazi ya nyumbani kule Zombe. Anashtakiwa kwa kuiba simu ya mwajiri. Faili linasema ana miaka kumi na tisa. Hana. Nimefundisha uhalifu na sheria miaka mingi, sidanganyiki kirahisi.

Jumanne, 11 Machi
Nina hasira. Mtoto amefungiwa pamoja na watu wazima. Ndilo jambo ninaloliandika kila mwaka na halisomwi. Kanuni za utafiti zinanikataza kuingilia kesi. Nilizitunga mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi
Mbumbuni, kwao Mumbua. Mama yake hakujua kwamba binti yuko ndani. Hakulia. Alivua gwanda la shamba akanipeleka kwa pasta. Daftari la watoto waliobarikiwa kanisani liko wazi: Mumbua ana miaka kumi na mitano. Nikaupiga picha ukurasa huo. Nilifurahi, sikatai. Mama alinishukuru mpaka nikaona haya.

Ijumaa, 14 Machi
Picha nilimpa afisa wa probesheni, naye akaifikisha kwa hakimu. Kesi imesimamishwa. Mumbua atahamishiwa makao ya watoto, mashtaka yaanze upya katika mahakama ya watoto. Karani alinipongeza. Nikanywa chai mbili.

Jumatatu, 17 Machi
Nimemwona kabla hajahamishwa. Nilitarajia shukrani, afadhali niandike ukweli. Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Hiyo nineteen nilisema mimi mwenyewe, madam. Wenye tuko nao ndani walinishow niseme hivyo. Wednesday ningekubali makosa, nipewe kifungo cha nje, niende home. Mtoto anaweza pelekwa shule ya kurekebishwa, hata miaka tatu. Si ungeniuliza kwanza?"

Fomu yangu ina maswali arobaini na mawili. Hilo halimo. Nilijiona mjinga, na ndivyo nilivyokuwa.

Jumatano, 19 Machi
Leo ndiyo siku ambayo angeenda nyumbani. Nilikaa ofisini nikisahihisha insha za wanafunzi. Watu wa makao ya watoto wanasema tarehe ya kesi bado haijatolewa.

Mchana mama yake alipiga simu. Ameshaosha blanketi la Mumbua, anataka kujua atafika lini. Nikamwambia sijui. Akasema basi atangoja, kisha akaanza kunishukuru tena. Sikumkatiza.