Jini wa Mashine ya Upepo

Mke wangu Bi Mize,

Moyo wangu mbovu umefika Micheweni salama. Leo mafundi wamefunga vifaa vya kupima mtetemo kwenye ile mashine kongwe ya umeme wa upepo, na papo hapo vikaonyesha bolti zimelegea. Sikutaka kufa na siri. Nikakiri mbele ya wanakijiji kwamba nilipokuwa fundi wake nilisahau kuzikaza, na ilipotikisika nikasingizia jini. Tangu hapo kila mwaka wao huifukizia ubani, huisomea dua na kupika wali! Nikaomba radhi.

Bi Asha, mpishi wao, akanijibu: "Tumekusamehe, mzee. Ila bolti wazikaze kesho. Wali wa jini ushaiva."

Nimekula sahani mbili. Nawe unisamehe, kipenzi, maana hata wewe nilikuapia kuwa ni jini.

Mumeo akupendaye,
Hamadi