Ng'ombe wa Mahari Waliingia kwa Jirani

Shikamoo Mama Ursula, nisaidie kabla baba hajabadili mawazo, mimi ni binti wa Mugeta, nimechumbiwa na Fredy wa Bukima, tulikutana Musoma kwenye kikundi cha kujitolea kuchora ile ramani huria ya mtandaoni, na humo kila nyumba inakuwaga na namba yake, na linki ya nyumba inabeba namba hiyo, basi nikatuma linki ya kwetu kwa ndugu zake Fredy waliokuwa wanaleta ng'ombe wa mahari, kumbe Fredy kaona nyumba ya baba imechorwa imepinda, kwa mapenzi yake akaifuta akaichora upya, imenyooka kweli, ila imepata namba mpya na linki yangu ikafa, ndugu zake kufungua hakuna kitu, mshenga akawatumia linki ya namna nyingine, ya alama aliyoibonyeza tu kwa kidole juu ya ramani, ikaangukia kwa jirani yetu Machibya, naye ana mabinti, akafungua zizi na chai akawapikia. Ng'ombe tumewapata, lakini baba amenuna, anasema amedharauliwa, asipoelezwa vizuri anawarudisha. Hajui aliyefuta ni Fredy. Nimwambie, au ninyamaze tuoane?

Lukresia, Mugeta

Marahaba mwanangu. Nimecheka mpaka miwani ikaanguka, nisamehe. Pole, lakini mnastahili kusemwa. Kikundi kizima mnachora ramani, halafu hamjakubaliana linki mtume ya namna gani? Huyu namba, yule kidole. Wageni wabahatishe?

Usinyamaze. Machibya ana mdomo, na mzee akiisikia kwake, ng'ombe watarudi Bukima kweli. Ila usimsemee mwanaume. Fredy aje mwenyewe na mshenga, aamkie, amwonyeshe mzee kwenye simu, aseme: "Baba, nilitaka nyumba yako ipendeze, nikaharibu." Mzee akijua hakudharauliwa, atalainika.

Kisha kaeni kikundi mchague linki ya namna moja, ile yenye namba ya kitu chenyewe, na wote mtumie hiyo. Na iwe mwiko kufuta kitu kilichopo ili kukichora upya. Kama kimepinda, mtu avute kona zake palepale, namba ibaki. Linki ya harusi ifungueni wenyewe kwanza ndipo muitume.

Na wewe utakayeishi naye, siku ukiona Fredy amepinda, vuta kona. Usimfute.