Fundi, Sikuzima

Fundi wangu,

Jana nilikwenda Kamachumu kwa Ma Adelina, nikautengeneza ule mtambo wa nje wa AC yake. Unafanya kazi. Ningependa kukupa habari hii kwa furaha, nawe unipongeze, "Kasinge, Koku," uniagizie chai, mambo yaishe. Lakini sina furaha, Fundi. Sina hata chembe. Tangu asubuhi nimekaa humu dukani kwako Kashai, mlango nimeurudishia, wateja wakibisha nanyamaza kama sipo.

Miezi mitano sasa. Misa ya arobaini imesomwa, kaburi lako kibanjani limejengewa, na mgomba uliokuwa karibu nalo umeanguka kwa upepo wa juzi. Siku ya tatu baada ya kukuzika, Ma Justa aliniita pale kwenu Muleba mbele ya wazee wa ukoo, akanikabidhi mfuko wako wa vifaa na ufunguo wa duka hili. Akasema, "Huyu ndiye mikono ya mume wangu iliyobaki." Nikapiga magoti, nikapokea. Mawe, mama yangu! Nilipokea, Fundi, kwa mikono hii hii. Sijui nilipata wapi huo uso.

Nilipokea kwa sababu mkeo hajui. Anafikiri ulikufa kwa uzembe wako mwenyewe. Muleba nzima inafikiri hivyo, na aliyewaambia ni mimi.

Ngoja niyaseme kwa mpangilio, maana nimeyazungusha kichwani mpaka nimechoka.

Siku ile tulipofika kwa Ma Adelina umeme ulikuwa umekatika. Njiani kwenye bodaboda ulikuwa unanichekesha kama kawaida yako, unasema Mhaya akistaafu Dar es Salaam lazima arudi na AC, hata kama nyumbani kwake anajifunika blanketi mbili. Lakini Ma Adelina ulimhurumia. Mtambo ule mkongwe alirudi nao marehemu mumewe, na alikuambia kwenye simu kwamba akiusikia ukiunguruma dirishani anahisi mzee yupo chumbani. Sasa ulikuwa umenyamaza. Alisema ndani unapuliza upepo, nje kimya. Ukasema, "Hiyo ni kontakta, au waya umekatwa na panya." Kontakta, ile swichi ya sumaku inayoupa umeme mtambo wa nje. Hukukosea. Hukuwahi kukosea kwa masikio.

Ukaniambia ingia ndani ukazime. Kila siku uliniambia hivyo, hata umeme ukiwa haupo. Hapa kwetu nani anahangaika kuzima swichi wakati umeme umekatika? Hakuna. Mafundi wote wanasubiri ukatike ndipo wafungue, wanaona ni bahati. Wewe peke yako ulikuwa unanifokea, "Umeme ni mgeni asiyepiga hodi. Zima!" Na mimi nilikuwa nazima. Miaka minne nilizima, siku moja sikuzima.

Swichi iko kwenye korido, na korido unaifikia kwa kupita sebuleni. Sebuleni alikuwepo Ma Adelina. Ningepitaje mbele ya mama wa umri ule bila kusalimu? Nikapiga magoti. Akanishika mikono, akauliza mimi ni wa nani, nimezaliwa wapi, akaleta kile kikapu kidogo cha akamwani. Unajua mwenyewe, kahawa ya kutafuna ukikaribishwa hukatai, labda kama umekuja kugombana. Nikakaa, nikatafuna. Akasema umeme umeondoka tangu alfajiri, haurudi mpaka jioni. Nikajiambia, namaliza hizi punje mbili nanyanyuka. Akaanza habari za mumewe. Nikachukua punje nyingine.

Ukaita kutoka nje, "Koku! Umezima?"

Nikaona aibu kwamba bado nimekaa. Aibu tu, Fundi, hakuna kingine. Nikajibu kwa sauti, kahawa mdomoni, "Nimezima, Fundi!"

Najua ulipima kwa testa. Lazima ulipima, wewe hukuwa mtu wa kuacha kupima. Testa ikakuambia hakuna umeme, na mimi nikakuambia nimezima, basi ukaamini. Ungeacha vipi kuamini? Nikaweka mkono kwenye kiti ninyanyuke, na redio iliyokuwa kabatini ikaanza kuongea. Mtu anatangaza bei za mazao, sauti kubwa kabisa. Ma Adelina akapiga makofi, akasema, "Umerudi waitu, umerudi jamani!"

Nilikimbilia kwanza korido, nikazima. Halafu ndipo nikatoka nje. Ulikuwa umelala ubavu kwenye majani mabichi ya mvua, bisibisi bado umeishika. Nilikuita. Nilikukanda kifua kama tulivyofundishwa, nikakanda mpaka majirani wakanitoa kwa nguvu. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Sasa sikiliza nililofanya baadaye, maana hili ndilo linaloniua. Wakaja watu, akaja askari na daftari lake. Akauliza, "Kwani hamkuzima?" Nikamtazama. Nikasema, "Fundi alisema umeme umekatika, hakuna haja." Maneno hayo yalinitoka kama vile nilikuwa nimeyapanga. Ma Adelina alikuwa analia, hakusikia. Askari akaandika. Nami nikaacha yaandikwe.

Tangu hapo neno hilo limetembea kuliko mimi. Kwenye matanga wanaume walikuwa wamekaa migombani wanakunywa rubisi, pombe yao ya ndizi, wanasema, "Fundi mzima, mvi zote zile, anashika nyaya bila kuzima!" Wateja hapa dukani wananiuliza, "Lakini wewe dada, wewe unazima, siyo kama yule?" Naitikia kwa kichwa. Halafu naingia nyuma ya pazia nalia, natoka, nawauliza friji imeharibika lini.

Yote hayo ningeyavumilia, Fundi, kwa kuwa mimi ni mwoga na mwoga huvumilia mengi. Kinachonimaliza ni Ma Justa. Amekukasirikia. Anapita kaburini kwako na jembe lake bila kugeuza shingo. Wenzake waliposafisha makaburi yao na kuweka maua, la kwako alilifagia dada yako. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Miaka thelathini ananihubiria nisishike pasi na mikono yenye maji, halafu yeye mwenyewe anashika nyaya! Alinidharau. Asingethubutu kufanya hivyo kama angekuwa ananifikiria." Alisema huku ananipakulia ndizi na maharage, anachagua zilizolainika vizuri ananiwekea mimi. Nilizimeza.

Yeye ndiye aliyenituma jana. Alisema kazi ya mumewe isibaki wazi kwenye nyumba ya watu. Nikaenda. Nilipita sebuleni, nikasalimu, nikakataa akamwani. Ma Adelina alinishangaa, lakini nilikataa. Nikazima. Nikatoka nje, nikarudi ndani kuangalia kama kweli nimezima, nikatoka, nikarudi tena. Mara nne. Kisha nikafungua kifuniko, nikakuta skrubu mbili hazipo na nikakumbuka zilikuwa mfukoni mwako siku ile, yaani umezikwa nazo au zilibaki hospitali, sijui. Nikapiga kelele pale peke yangu. Kuku wakakimbia.

Unajua ilikuwa nini? Sisimizi, Fundi. Sisimizi wameingia kwenye kontakta, wamebanwa katikati ya vile vipande vya shaba vinavyotakiwa kugusana, wamekauka humo mpaka shaba haigusani tena. Kapasita nzima, kompresa nzima, gesi ipo. Nikawapuliza, nikasugua shaba kwa msasa laini, nikatoa vumbi la kahawa kwenye mapezi ya kupoozea kwa brashi yako. Nikafunga kifuniko kwa skrubu zilizobaki, nikawasha. Feni ikazunguka, mtambo ukaunguruma. Robo saa haikufika. Ma Adelina akatoka akasimama dirishani, ameshika mdomo, machozi yanamtoka, ananishukuru mimi. Mimi!

Nilifikiri nikiutengeneza nitapata nafuu. Uongo. Nilirudi na bodaboda nikitamani inidondoshe njiani.

Ulinifundisha kazi hii watu wakikucheka kwamba unapoteza muda na msichana. Ulinipa senene wa kukaanga kutoka kwenye kopo la skrubu, na siku niliyotafuna skrubu ulicheka mpaka ukakaa chini, kisha ukanipeleka mwenyewe kwa daktari wa meno. Nilipounguza kapasita ya mteja ulisema ni wewe. Ulibeba kosa langu hadharani, ukanisema vikali tukiwa wawili tu. Nami la kwangu kubwa nikakubebesha ukiwa huna mdomo wa kujibu.

Mara tatu nimekwenda Muleba nimwambie Ma Justa. Nafika, nasalimu, ananikumbatia, ulimi unakufa. Mara ya mwisho nilijikuta nimemrekebishia taa ya jikoni nikaondoka. Kwa mdomo sitaweza, nimeshajijua. Ndiyo maana nimeandika. Barua hii ni yako, lakini kesho napanda basi la asubuhi, nitaiweka mikononi mwake yeye aisome. Nakuahidi sitatoka mbele yake mpaka aimalize. Akitaka kunipiga, anipige. Mfuko wako wa vifaa nimeufunga, naubeba pamoja na ufunguo. Nikitoka hapo nitakwenda kwa yule askari, afute alichoandika aandike kingine.

Sikuombi msamaha. Sioni ningeuweka wapi. Lala, Fundi wangu, hukujisahau hata siku moja.

Mwanafunzi wako,
Koku

Ma Justa, mumeo aliuliza kwanza. Niko hapa mbele yako.