Harusi ya Houston Tuliyoikosa

Mama yangu,

Asalaam aleikum, na shikamoo nyingi. Goti lasemaje? Ile dawa ya kuchua umeipata, au kaka Omari bado akwambia kesho? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, twala na twalala.

Najua wangoja picha za harusi ya binti wa Bi Salma kule Houston. Hatukwenda, mama. Wenzangu wote, kina mama wa pwani wa hapa Irving, walitangulia. Mimi nikabaki nikimngoja mume wangu Athumani amalize zamu yake uwanja wa ndege. Asubuhi ya safari tukaamka mvua imeganda kila mahali na barabara kuu imefungwa. Athumani akajitia ubishi. "Mimi nimepeleka malori hadi Malaba, nitashindwa na barafu?" Akawasha gari. Hata pakingi hakutoka, likateleza likaenda kukita kwenye pipa la taka. Akarudi ndani, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia, maana leso mpya na mahamri ya watu yalikuwa tayari mabegini.

Mchana Rukia, jirani yetu wa ghorofa ya juu, akagonga mlango. Mamake, Bi Zena, yule mzee wa Lamu aliyekuwa akiugua, alikuwa amefariki alfajiri. Wanaume walishamfikisha msikitini hapo jirani, lakini wanawake waoshao maiti wote walikuwa Houston, na njia haipitiki.

"Mama alitaka aoshwe na mtu wa kwetu," Rukia akaniambia. "Si ulisema mamako ni mwosha?"

Niliogopa, mama. Wajua kazi yangu ilikuwa kukupokeza maji na kukunja sanda, basi. Lakini ningemjibu nini mtoto wa watu amefiwa? Nikavaa soksi juu ya viatu nisiteleze, tukaenda tukikanyaga majani, tumeshikana kama vipofu.

Rukia akamimina, mimi nikaosha. Nikaanza kwa bismillahi, nikamsitiri kwa nguo, upande wa kulia kwanza, maji ya vuguvugu. Nilikusikia wallahi, ukinigombeza: "Pole pole, huyo si sufuria!" Mara nikaona mikono yajua yenyewe. Maji ya majani ya mkunazi, kisha kafuri ya kunukiza, nywele nikamsuka, sanda nikaifunga ikakaa. Niliyoyaona sitayasema hata kwako, ndivyo ulivyonifunza. Nitakwambia tu kuwa alitoka pale nadhifu, ananukia, na Rukia akambusu kipaji cha uso.

Barabara ilipofunguka, kina mama wakarudi, wakaja kumhani Rukia. Bi Tima, mkubwa wao, ndiye aoshaye siku zote, na hapendi kazi ya mtu mwingine. Akauliza nani aliyemwosha Bi Zena. Rukia akanionyesha. "Na wewe kakufunza nani?" Nikalitaja jina lako mbele ya matanga mazima, kwa sauti, na la bibi aliyekufunza wewe nikaliongeza. Wacha nijisifu leo, mama, na wewe jisifu!

Nisalimie kaka Omari na dawa yake ya kesho, shangazi Mwanajuma mpishi wetu wa pilau, na wifi zangu wote. Athumani asema gari limekunjika kidogo tu.

Bi Tima alipokuwa akiondoka alinishika mkono mlangoni, akaninong'oneza: "Nikifa mimi, nioshe wewe."

Mwanao,
Mwanaisha